Maji ya Mtihani ya Alhamisi

Mwezi uliopita walituita kwenye semina ya siku moja hapa hapa Tanga, walimu walio kazini na sisi wachache tuliostaafu, tufundishwe kutumia simu darasani. Mwezeshaji alikuwa binti mpole, anatusemesha polepole utadhani sote tumetoka kulazwa. Akatuonyesha tovuti zenye maswali ya kila somo, bure, wewe kazi yako kuchagua. Halafu akabonyeza kwa kidole mara moja, simu arobaini zikalia kwa pamoja ukumbini, na kila mmoja wetu akawa na mtihani mkononi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa mdomo wazi mpaka jirani yangu akaniuliza kama sukari imenishuka.

Haikushuka. Nilikuwa nimeuona ulimi wa wifi yangu.

Miaka ile, mwanzoni mwa themanini, ilikuwa ya foleni dukani. Aliyeikuta sina la kumweleza, na asiyeikuta hataniamini nikimwambia tuliwahi kufulia majivu ya kifuu badala ya sabuni. Shule yetu ya Mabawa ilikuwa na mashine ya kudurufu, kubwa, nzito, ya kuzungusha kwa mkono. Stensili zilikwisha, wino wake haukuletwa tena, basi mashine ikafunikwa kitambaa cha kutarizi, na juu yake ukawekwa mtungi wa maji ya kunywa walimu. Mimi nilikuwa nafundisha hesabu darasa la saba. Mtihani nauandika ubaoni kwa chaki ya kuvunja vipande vitatu, watoto wanaunakili saa nzima, wakimaliza kunakili kengele inalia. Hapo umewapima nini? Umewapima kunakili. Nilikuwa nakasirika mpaka kichwa kinaniuma.

Mwalimu mmoja mzee, Mbondei aliyesomea kwa wamisionari, alinionea huruma akanifundisha utaalamu wa zamani. Unachukua unga wa jelatini, ule wanaopikia Wahindi vitamu vya kugandisha. Unauloweka, unauchemsha pamoja na gilisirini ya kujipaka mwilini na sukari kiasi, unamimina kwenye sinia lenye ukingo, unaacha ugande. Kisha unaandika mtihani wako kwenye karatasi moja safi kwa wino mzito wa zambarau, unailaza kifudifudi juu ya lile rojo, unahesabu mpaka mia moja, unaibandua taratibu. Maandishi yote yamebaki kwenye rojo, yamegeuka, yanaanzia kulia kwenda kushoto. Basi hapo unalaza karatasi tupu, unapapasa kwa kiganja, unabandua, na mtihani umetoka. Unalaza nyingine. Hamsini unazipata, ingawa kumi za mwisho mtoto anazisoma kwa imani.

Masharti yake ni mengi. Mikono uioshe vizuri kwanza, kwa sababu mafuta ya vidole yanaharibu rojo. Jasho lisidondoke, kwa hiyo najifunga kanga kichwani na kipande kingine puani. Karatasi uzihesabu, na mimi siwezi kuhesabu bila kuchezesha midomo. Ukimaliza unaliosha rojo kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini mpaka maandishi yatoke, vinginevyo wiki ijayo mtihani wa zamani unakutokea chini ya mpya. Yale maji ya zambarau sikuyamwaga. Nani alimwaga kitu miaka ile? Niliyakusanya kwenye bakuli jeupe la kauri, nikalifunika kawa, nikaliweka dirishani. Watoto wengi darasani walikuwa na kalamu tupu, na maji yale ukiyaacha yakakauka kidogo yanaandika.

Vifaa vilitoka Mombasa kwa njia ya Horohoro. Mume wangu alikuwa fundi wa malori na alikuwa na watu wake mpakani. Aliniletea jelatini, aliniletea gilisirini, na akaniletea chupa ya wino imefungwa gazeti, haina karatasi ya jina wala maelezo yoyote. Nikamuuliza ndani mna nini. Akasema mna wino. Nami nikaridhika.

Mwalimu mkuu alifurahi mno, lakini alinitahadharisha. Mtihani wa kila Ijumaa niutengenezee nyumbani, nijifungie, asione mtu wala asijue mtu, maana Mabawa nzima ina watoto wetu, na siri ya mtihani ikitoka ni kazi yangu inayokwenda. Kwa hiyo kila Alhamisi, alasiri ikishasaliwa, naosha mikono, najifunga kanga, naingia chumbani na sinia langu na bakuli langu jeupe, natia komeo. Natoka magharibi inakaribia, kimya, uso umenikaza kwa uchovu. Nikiulizwa nilikuwa nafanya nini, nasema kazi yangu tu.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Alizaliwa Pemba, akaolewa huku akiwa msichana, na Upemba wake hakuuacha baharini. Mwanamke mfupi, mkali, anaamka kabla ya adhana na hapendi mtu anayeburuza miguu. Aliisoma Kurani mpaka akaihitimu, lakini herufi za Kizungu hakufundishwa, na wala hakuona kama amekosa kitu. Tulipatana vizuri. Alikuwa akinisifia kwa majirani kwa jambo moja kuliko yote: kwamba baba yangu, huko Mkwaja, alikuwa mwenye chuo cha Kurani aliyejulikana kwa makombe yake.

Ambaye hajui kombe nimweleze. Baba aliandika aya kwa zafarani na marashi ya waridi kwenye sahani nyeupe. Maandishi yakishakauka anayaosha kwa maji safi, na mgonjwa anayanywa yale maji. Watu walitoka mbali kumfuata. Mimi utotoni kazi yangu ilikuwa kumpangia sahani. Nilipokwenda chuo cha ualimu niliyaacha hayo huko huko Mkwaja, si kwa ubaya, niliona tu ni mambo ya baba. Sijaandika kombe hata moja maishani mwangu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kwetu mimba ikiwa na miezi minne. Ndiyo desturi, mwanamke anarudi kwa mama yake kujifungua, ila yeye alirudishwa mapema kwa sababu alikuwa ameshazika wawili. Wa kwanza alitoka kabla ya wakati. Wa pili alilia usiku mmoja tu. Hii ilikuwa ya tatu, na nyumba nzima tulitembea kwa ncha za vidole. Hakuna aliyenunua hata kipande cha nguo ya mtoto. Mama mkwe hakuitaja mimba kabisa. Alimpikia binti yake, alimkanda miguu, lakini hata kumtazama usoni niliona anakwepa, nikadhani ni ukali wake tu.

Wiki zikaenda. Mara ya kwanza nilipoona maji ya bakuli yamepungua nilisema ni joto. Mara ya pili nikasema ni paka. Sikuwahi kujiuliza paka gani anayejua kurudisha kawa mahali pake. Nilikuwa na vipindi sita kwa siku na madaftari ya watoto hamsini, akili yangu haikuwa dirishani.

Halafu ikaja Ijumaa moja. Watoto walimaliza mtihani mapema, nikarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Wifi alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele, mimba imeshafika mwezi wa saba. Nikamtania kuhusu tumbo, akacheka, na alipocheka niliona ulimi wake. Ulikuwa zambarau. Fizi zambarau, meno yana michirizi.

Nikamuuliza amekula zambarau za nani, nikaona hata haya kumuuliza, maana msimu wake ulikuwa umepita zamani, na mti wa karibu ulikuwa mtupu. Yeye akafumba mdomo akaangalia ungo. Mimi nikamwangalia, nikaangalia dirisha langu, nikaona kawa iko upande. Nakwambia sikukaa, nilianguka nikajikuta nimekaa.

Mama mkwe akatoka jikoni. Aliponiona nimeketi chini, uso umenipauka, alidhani nimekasirika kwa kuwa siri yangu imejulikana. Akachuchumaa mbele yangu na kunishika magoti, mwanamke yule ambaye sijamwona akimshika mtu magoti. Akaniomba radhi kwa kuchukua bila ruhusa. Akaeleza yote kwa sauti ya chini. Aliniona kwenye ufa wa mlango, Alhamisi kuamkia Ijumaa, nimetia udhu, nimejifunga kanga, midomo inasoma. Aliona maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto, ingawa kwa mbali vile herufi hakuzitambua. Aliona ninayaosha, na ninayahifadhi kwenye bakuli jeupe chini ya kawa. Rangi ilimtatiza siku mbili, halafu akajijibu mwenyewe kwamba zafarani mwaka ule ingetoka wapi, kila kitu kilikuwa na badala yake. Akajua nimeurithi mkono wa baba yangu, na kwamba ninamwandikia wifi yangu kimya kimya ili nisijisifu. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi nikishatoka kwenda shule alimnywesha binti yake nusu ya bakuli. Ile ya asubuhi hiyo ilikuwa ya saba.

Mara saba. Chupa isiyo na jina.

"Mama," nikasema, "ile ilikuwa hesabu."

Hakunielewa. Ikabidi nimwambie kila kitu, siri ya mwalimu mkuu na yote, kibarazani pale, mchana kweupe. Kwamba yalikuwa maswali ya mtihani wa watoto. Akataka kujua maneno yenyewe yanasemaje. Nikamwambia ya wiki hii: mkulima ana kuku ishirini na nne, ameuza theluthi yake, wamebaki wangapi. Halafu akageuka akamtazama binti yake tumboni, na mkono wake ukaenda mdomoni. Sijapata kuona mtu akizeeka hivyo kwa dakika moja.

Tulimpeleka zahanati sisi wawili, mmoja huku mmoja huku, na chupa ya wino nimeibana kwapani. Muuguzi alikuwa mkunga wa siku nyingi. Aliinusa chupa, akaigeuza, akatia tone kidoleni. Akasema rangi yake ni kama ile dawa wanayopaka watoto wachanga vinywani wakiwa na utando, na ingekuwa ndiyo hiyo asingeogopa sana. Lakini harufu ilikuwa na kitu kingine, na alichokuwa hakijui hakutaka kunidanganya kwamba anakijua. Kitabu chake hakikusema kitu kuhusu wino. Akachukua kile kidude chake cha mti, mdomo mpana kama tarumbeta, akakiweka tumboni na kuinamisha sikio. Hata mtu aliyekuwa anakohoa kwenye benchi akaacha kukohoa.

Moyo ulikuwepo. Akasema ulikuwepo leo. Tuje kila baada ya siku moja, anywe maji mengi na maziwa tukiyapata, na tuhesabu mtoto anacheza mara ngapi asubuhi na jioni. Asipocheza siku nzima tukimbie.

Basi nikawa mwalimu wa hesabu kwelikweli. Kila nikirudi shuleni nilikaa na wifi mkekani, kiganja changu tumboni kwake, nahesabu. Siku nyingine mtoto anapiga mpaka kanga inatikisika. Siku nyingine kimya, na mimi najiona muuaji. Nilijilaumu kwa kila kitu. Nilijilaumu kwa kukubali chupa bila kuuliza, kwa bakuli, kwa lile dirisha, kwa ubahili wangu wa maji machafu. Mume wangu alisafiri mpaka Horohoro kumtafuta aliyemuuzia, akarudi na jibu kwamba yule mtu naye alinunua kwa mtu.

Mama mkwe hakunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi. Siku ya tatu tu, tukiwa jikoni, aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamjibu kwamba siri ya mtihani haisemwi. Nami nikamuuliza kwa nini hakuniuliza. Akasema mtu anayekuombea kwa siri ukimuuliza unamwaibisha. Tukaendelea kumenya mihogo. Miaka mitano tumelala chini ya paa moja, tunaheshimiana, tunapishana mlangoni kwa adabu, na adabu hiyo hiyo karibu ituulie mtoto. Sijawahi kuisahau ile mihogo.

Nililifunga sinia kwenye gunia nikaliweka juu ya dari. Mwalimu mkuu alilalamika, nikamwambia rojo limeoza. Watoto wakarudi kunakili ubaoni.

Halafu likaja jingine. Mama mkwe, zile wiki alizokuwa anaamini, alikuwa ameshawanong'oneza wawili watatu mtaani, kwamba mkaza mwana wake ana mkono. Wakaanza kuja. Alasiri ya Alhamisi moja nilifungua mlango nikakuta wanawake watano na chupa zao, mmoja ana birika la chai, mmoja amembeba mama yake mgongoni. Nilibaki nimeshika komeo. Mama mkwe alinipita akatoka barazani, akawaambia waende makwao, ile haikuwa dawa, ilikuwa hesabu ya kuku. Hakuna aliyemwamini. Yule wa birika alisema kwa upole kwamba wanajua mambo haya yanafichwa, na watangoja. Ikambidi amwonyeshe ile chupa ya wino, na kusema mbele ya wote, yeye asiyekubali kosa hata la chumvi, kwamba amemnywesha mwanawe sumu kwa mikono yake na hajui kama mjukuu atazaliwa hai. Hapo ndipo walipoondoka. Aliingia ndani hakutoka mpaka kesho yake.

Mtoto alizaliwa mwezi wake ulipotimia, alfajiri, kwa muuguzi yule yule. Wa kike. Kabla sijauliza hali ya mtoto au mama, niliuliza rangi yake, na yule muuguzi akanijibu kwa ukali kwamba rangi yake ni ya mtoto, nilitaka iwe ya nini? Alilia usiku wa kwanza, akalia wa pili, akalia wa tatu, na sisi tukawa tunaamka kumsikiliza analia tukarudi kulala tumefurahi. Siku ya saba mama mkwe alikwenda kununua kitambaa cha nguo.

Siku ya arobaini, wifi alipotolewa nje kwa uvumba na ubani, nilisubiri wageni wapungue nikaenda kukaa karibu yake. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga. Nikamwomba msamaha, kwamba alinyweshwa wino wangu bila yeye kujua. Akawa anamrekebisha mtoto kanga. Akasema nisimwombe msamaha kwa hilo, kwa sababu yeye alijua.

Nikadhani sikusikia vizuri. Alijua nini?

"Wifi, mimi nimesoma mpaka darasa la saba," akasema. "Karatasi yako moja ilianguka uvunguni, wiki ile ya pili. Niliona ni hesabu."

Yaani alijua tangu bakuli la pili. Amekunywa matano mengine, mimba tumboni, amewazika wawili, na anajua anakunywa wino. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumtikisa. Nilimuuliza kwa sauti ambayo sikuitambua kwamba alikuwa na wazimu gani.

Hakukasirika. Alisema tangu alipomzika wa pili, mama yake hakuwa amemtazama usoni. Alikuja nyumbani na mimba, mama akampokea mzigo, akampa chakula, akamkanda miguu, yote hayo anaangalia pembeni, kwa hofu. Miezi mizima. Ila Ijumaa asubuhi alikuja chumbani na lile bakuli, akaketi kitandani, akamshika kichwa kwa nyuma, akamnywesha mwenyewe huku anamtazama mpaka tone la mwisho.

"Ningesema," akaniambia, "angeacha kuja."

Mtoto aliamka akaanza kulia. Mama mkwe akaja kutoka uani, mikono ina unga, akamwekea binti yake mto mgongoni, akasimama pale anawatazama wote wawili.